Nyumba ya Bayleaf

Katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Uingereza, karibu na kijiji cha Chiddingstone, pana bwawa kubwa liitwalo Bough Beech. Mpita njia asiyejua habari za mahali hapo angedhani kuwa maji hayo yalikuwako tangu zamani. Lakini bwawa hilo ni jipya. Lilipotengenezwa katika miaka ya 1960, bondeni mlikuwa na mashamba, nyua za ng'ombe na nyumba za watu. Na miongoni mwa nyumba hizo ilikuwako moja ya miti na udongo iitwayo Bayleaf, ambayo sehemu yake ya kale ilikwisha kusimama miaka mia tano na zaidi. Kazi ya maji haikuweza kuingoja. Ilipasa nyumba ivunjwe, au ihame.

Nyumba ilihama. Ilifunguliwa kiungo kwa kiungo, mithili ya kitanda kinachofunguliwa ili kipite mlangoni, ikachukuliwa hata Singleton katika Sussex, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikasimamishwa tena. Nataka, msomaji, tuitazame nyumba hii pamoja: ilijengwaje hata ikaweza kufunguliwa hivyo, na ilisema nini ilipofunguliwa. Mkulima aliyeijengesha hakuandika kitabu, wala hatuna barua yake. Shahidi wake mkubwa ni nyumba yake, na shahidi huyu nusura azamishwe.

Kwanza tujue mtu mwenye nyumba kama hii alikuwa wa namna gani. Mwaka wa 1348 tauni iliingia Uingereza, na kwa muda usiofika miaka miwili iliua baina ya theluthi na nusu ya watu. Hapana kaya iliyokosa kilio. Lakini waliosalia walikuta dunia imegeuka: ardhi ilikuwa nyingi na mikono ya kuilima ilikuwa michache. Vibarua wakadai ujira mkubwa kuliko wa kwanza. Wenye ardhi wakakimbilia Bunge, na mwaka wa 1351 ikatungwa sheria ya kuushusha ujira hata kiasi cha kabla ya tauni; lakini sheria haiwezi kufufua vibarua waliokufa, na kidogo kidogo hali za watu wa shamba zikapanda. Watu wa Kent walikuwa na bahati zaidi. Walijulikana kuwa watu huru hata zamani ambapo wakulima wa majimbo mengine walikuwa wamefungwa kwa utumwa wa ardhi, na soko la London halikuwa mbali. Basi katika karne ya 15 wakulima wengi wa huko, wasio makabaila wala maskini, walipata uwezo wa kumwita seremala stadi na kumwambia, "Nijengee nyumba."

Nyumba walizojengewa zinasimama bado kwa mamia katika Kent na Sussex. Hapa nikutahadharishe, msomaji. Usidhani kuwa kila mkulima wa Uingereza wa zama hizo alilala katika nyumba kama Bayleaf. Nyumba za maskini zilikuwa hafifu, nazo zimekwisha kutoweka. Zilizobaki ni za wenye uwezo. Shamba la Bayleaf lilikuwa la ekari 100 hivi, na hilo si shamba la mnyonge. Mwanafunzi wa historia akisahau jambo hili, atasifu maisha ya watu wote kwa kutazama mali ya wachache.

Nchi ile huitwa Weald, nayo tangu kale ilikuwa nchi ya misitu ya mialoni. Mwaloni ni mti mgumu, mzito, usiooza upesi. Seremala wa zamani hakuungoja ukauke, kwa maana mwaloni ukikauka hushinda patasi. Aliukata mbichi, akauchonga kwa shoka hata ukawa na pande nne, akautoboa na kuuunga ukiwa bado na maji yake. Ukakauka ukiwa umekwisha simama ndani ya nyumba, ukijipinda kidogo huku na huku. Ndiyo sababu nyumba hizi hazina mstari ulionyoka kama wa rula. Wala miti iliyotumika haikuwa mikubwa sana. Oliver Rackham, mtaalamu wa misitu ya Uingereza, alihesabu miti ya nyumba moja ya shamba katika jimbo la Suffolk, iliyojengwa mnamo mwaka wa 1500, akaona kuwa ilikula miti mia tatu na zaidi, na mingi katika hiyo ilikuwa myembamba. Seremala alichagua mti ambao, ukichongwa, utatoa nguzo moja au boriti moja, ili asipate taabu ya kupasua. Na palipotakiwa mti uliopinda, alitafuta msituni mti uliojipinda wenyewe.

Sasa sikiliza jinsi kiunzi kilivyoungwa. Ncha ya mti mmoja ilichongwa ulimi, na mti wa pili ukatobolewa tundu la kuupokea ulimi huo. Kisha kwa keekee seremala alitoboa kitundu cha kupita katika tundu na ulimi pamoja, akapigilia kigingi cha mwaloni. Lakini alikuwa na hila yake: kitundu cha ulimi alikitoboa nyuma kidogo ya vitundu vya mti wa pili, hata kigingi kilipopigwa kikauvuta ulimi kwa nguvu ndani ya tundu lake. Hapakutumika msumari wa chuma wala gundi katika viungo hivyo. Kiungo cha namna hii hukaza sana, na atakaye kukifungua huking'oa kigingi tu.

Kazi hii haikufanyiwa mahali pa nyumba. Seremala alikuwa na uwanja wake, akalaza miti chini, akaipima mmoja juu ya mwingine, akachonga kila ulimi kwa tundu lake maalumu. Ulimi wa nguzo ya tatu haukuweza kuingia vizuri katika tundu la boriti ya nne. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kazi yake na kuipakia garini, aliitia alama. Hata leo ukiingia katika nyumba hizi utaziona: mstari mmoja ni moja, mistari minne ni nne, mistari miwili iliyokatana ni kumi. Ni tarakimu za Kirumi, nazo zilipendwa kwa sababu hazina duara. Patasi huchora mstari ulionyoka bila taabu, lakini duara huitoa jasho. Basi waona kuwa nyumba kama Bayleaf huwa imesafiri safari moja hata kabla haijakaliwa na mtu. Waliokuja kuifungua miaka mia tano baadaye walifuata desturi ya mwenye kuifunga: kila mti ulipimwa, ukachorwa, ukatiwa alama.

Kiunzi hakikuchimbiwa ardhini. Nguzo iliyochimbiwa ardhini huoza kwa unyevu, na nyumba nyingi za kale zilianguka kwa sababu hiyo. Hapa uliwekwa kwanza ukuta mfupi wa msingi, juu yake ukalazwa mti mnene, na juu ya mti huo zikasimama nguzo. Nguzo zikabeba mtambaapanya, mtambaapanya ukabeba makombamoyo, na makombamoyo yakabeba vigae vya udongo wa kuchoma, vilivyoangikwa kwa vijiti.

Zikabaki nafasi za wazi baina ya nguzo, na hapa msomaji wa Kenya hahitaji mwalimu. Vijiti vya mwaloni vilisimamishwa katika kila nafasi, fito nyembamba zikasukwa katikati yake, kisha pande zote mbili zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Ni kiambaza kama kile ambacho wengi wetu tumekiona kikikandikwa nyumbani, ila juu yake hupakwa chokaa. Tofauti ni kuwa kiambaza hiki hakibebi kitu. Uzito wote uko juu ya kiunzi. Udongo wote ungaweza kuanguka, na paa likabaki juu.

Katika picha za Uingereza mara nyingi utaona nyumba za namna hii zimepakwa miti rangi nyeusi na kuta rangi nyeupe, na watu husema huo ndio uzuri wa kale. Kwa sehemu kubwa ni uzuri wa karne ya 19. Mwaloni ukiachwa wenyewe hugeuka rangi ya kijivu kama fedha ya zamani, na wengi wa waliojenga hawakuona sababu ya kuupaka lami. Kuna na hadithi nyingine ipendwayo sana: ya kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa mbao za marikebu zilizovunjwa. Wenye kuisimulia huonyesha matundu matupu katika boriti, wakasema, "Hapa paliungwa mbavu za merikebu." Mtu wa pwani angecheka. Mbavu za chombo zimepinda kwa namna yake, na chombo kilichovunjika hakibebwi maili hamsini kupelekwa katika nchi ya misitu. Matundu matupu yana habari nyingine, nayo ni ya kweli na yenye faida zaidi. Tutaifikia.

Itazame nyumba kwa mbele. Ina paa moja lililoifunika yote. Mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto ina orofa, na chumba cha juu kimetokeza mbele kupita kile cha chini. Katikati hakuna orofa, kwa hiyo ukuta wa katikati umerudi nyuma, ukawa kama uso uliojificha chini ya ukingo wa kofia. Ili kuushikilia ukingo wa paa uliobaki hewani, seremala aliweka mikono ya miti iliyopindika kila upande. Ukiona umbo hili, hata kama hujaingia ndani, wajua mara moja kuwa katikati mna ukumbi mrefu wa kwenda juu.

Mlango wa mbele hauko katikati bali umesogea upande mmoja, nao watazamana na mlango wa nyuma, hata mtu aweza kupita kutoka uani hata shambani bila kusimama. Ukisimama katika njia hiyo, upande mmoja una milango miwili midogo: mmoja wa chumba cha mapipa ya vinywaji, mwingine wa chumba cha mikate na vyombo. Upande wa pili ni ukumbi.

Ukumbi hauna dari. Ukiinua macho huoni kitu ila makombamoyo, meusi kama makaa. Boriti nene imevuka toka ukuta hata ukuta, na juu yake kimesimama kiguzo kimoja kinachosaidia kulibeba paa. Meko yako sakafuni, hayana dohani. Moshi hupanda wenyewe, huzunguka juu, kisha hutafuta njia katika nyufa za vigae na katika matundu yaliyoachwa kwenye ncha za paa. Madirisha ni marefu, lakini hayana kioo, maana kioo kilikuwa ghali. Yana vijiti vya mwaloni vilivyosimama wima kama fito za kizimba, na mbao za kufunga usiku na wakati wa baridi. Neno la Kiingereza la dirisha, window, limetokana na maneno ya watu wa Kaskazini yenye maana ya "jicho la upepo", na mtu aliyekaa mwezi wa Januari katika ukumbi kama huu hakuhitaji kufasiriwa jina hilo.

Humo ndimo walimoishi. Humo walikula, walifanya kazi za mikono, walipokea wageni, walisuluhishana, na watumishi waliota moto mmoja na bwana wao. Lakini usidhani kuwa walikuwa sawa. Ukumbi una kichwa na miguu. Miguu ni upande wa milango, wenye baridi na nyayo za matope. Kichwa ni upande wa pili, ilipowekwa meza ya mwenye nyumba, naye akaketi na ukuta mgongoni, uso wake ukielekea moto na kila aingiaye. Seremala aliijua adabu hii: aghalabu upande wa boriti uliochongwa vizuri, wenye nyuso nadhifu, aliuelekeza kichwani, na upande wenye kasoro akauelekeza miguuni. Hata mti ulimheshimu mwenye nyumba.

Nyuma ya meza hiyo pana mlango wa kuingia sehemu ya wenyeji: chumba chini, na juu yake chumba kizuri cha kulala, chenye choo kidogo kilichotokeza nje ya ukuta. Sehemu hii si ya umri mmoja na ukumbi. Jambo hilo limejulikana kwa ushahidi wa miti yenyewe. Mwaloni wa Uingereza huongeza duara moja kila mwaka, kwa sababu hukua wakati wa joto na kulala wakati wa baridi. Mwaka mzuri huacha duara pana, mwaka mbaya huacha jembamba. Wataalamu wamekusanya mfululizo wa maduara hayo kwa karne nyingi zilizopita, na kipande cha boriti chaweza kulinganishwa na mfululizo huo hata mahali pake paonekane. Ganda la mti likiwapo, hutajwa mwaka wenyewe uliokatwa; ikiwa shoka limekwisha kuondoa maduara ya nje, hutajwa miaka ambayo katikati yake ulikatwa. Miti ya ukumbi wa Bayleaf na ya vyumba vya vyakula ilikatwa kati ya mwaka wa 1405 na 1430. Miti ya sehemu ya wenyeji ilikatwa kati ya 1505 na 1510. Karibu miaka mia imepita baina ya nguzo hizo na hizo, ilhali mgeni huziona kama nyumba moja.

Kwa nini mwenye nyumba wa miaka ya 1500 alitaka vyumba vipya upande wa kichwa? Jibu lake twaliona katika nyumba za Uingereza nzima. Wenyeji walianza kuondoka ukumbini. Walitaka mlango wa kufunga. Kisha ikaja dohani ya matofali, na dohani ikaugeuza kabisa ujenzi wa nyumba: moshi ulipopata njia yake, hapakuwa tena na haja ya kuuacha ukumbi wazi hata paani, basi watu wakatandaza mbao katikati, wakapata vyumba juu. William Harrison, padre wa Radwinter katika jimbo la Essex, alichapisha mwaka wa 1577 maelezo ya nchi ya Uingereza, na humo asema kuwa wazee wa kijiji chake walistaajabia wingi wa dohani zilizojengwa katika uhai wao. Ujanani mwao zilikuwa za kuhesabika. Wazee hao walisema pia juu ya magodoro na mito, na vyombo vya madini vilivyochukua mahali pa sahani za mti. Yamkini hawakufurahi wote. Harrison mwenyewe alilalamika kuwa tangu zilipokuja dohani watu wamezidi kuugua mafua na vichwa, ati moshi ulikuwa dawa!

Bayleaf nayo ilipitia mabadiliko hayo. Ilipofunguliwa katika miaka ya 1960 ilikuwa na dohani, ukumbi wake ulikuwa umekatwa kwa dari, na madirisha yake yalikuwa ya kioo. Aliyeingia wakati huo aliona nyumba ya kawaida ya shamba. Sasa yale matundu matupu niliyokuahidi. Mti ukiondolewa, tundu lake hubaki. Vitundu vidogo vilivyojipanga chini ya boriti vyaonyesha pale zilipokuwa fito za dirisha, na mfereji mwembamba kando yake ni njia ya ubao wa kufungia. Tundu lisilo na ulimi katika nguzo lasema kuwa hapa paliungwa mti uliokatwa baadaye. Na masizi juu ya makombamoyo, yaliyofichwa na dari kwa karne kadhaa, yalithibitisha kuwa chini yake moto uliwaka zamani bila dohani. Wenye kufungua nyumba waliyasoma hayo yote, kisha wakafanya shauri kubwa: walipoisimamisha tena, waliiacha dohani na dari na vioo, wakairudisha katika umbo lake la mwanzo wa karne ya 16. Vyombo vilivyowekwa ndani ni mfano wa vile ambavyo mkulima angekuwa navyo mnamo mwaka wa 1540.

Makumbusho yaliyofanya kazi hii yalianzishwa kwa bidii ya Roy Armstrong, aliyekuwa mwalimu wa historia, ambaye aliona nyumba nyingi za kale zikiangushwa wakati mji mpya wa Crawley ulipojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alijua kuwa nyumba iliyochomwa haisomwi tena. Nami siwezi kumlaumu. Lakini wako watu wasemao kuwa nyumba iliyong'olewa mahali pake na kuvuliwa nguo zake za baadaye si nyumba ya kweli, ni picha tu. Na wako wengine watembeao humo wakiamini kuwa wamerudi mwaka wa 1540. Mimi naona wote wawili wamekosea, ila wa kwanza wamekosea kidogo. Waliokaa Bayleaf na dohani yao, miaka mingi kuliko waliokaa bila dohani, wamefutwa ili wale wa kwanza waonekane. Ghala lisimamalo leo karibu na nyumba lililetwa kutoka Cowfold katika Sussex. Ni jengo la kale kwelikweli, la miaka ya 1530, lakini halikupata kuwa jirani ya Bayleaf hata siku moja. Na mashamba ambayo mkulima yule aliyatazama kwa jicho lake la upepo yako chini ya maji, wala hapana seremala awezaye kuyafungua na kuyahamisha.

Hata hivyo miti ni ile ile. Palipooza palitiwa mwaloni mpya, lakini vigingi vilipigwa kama vilivyopigwa kwanza, na kuta zikakandikwa kwa fito na udongo. Wageni wafikapo Singleton, mara nyingi hukuta moto umewashwa sakafuni katika ukumbi. Huingia kwa mlango wa upande wa miguu, macho yakiwawasha, na moshi wapanda kuyafuata makombamoyo, ukiongeza masizi mapya juu ya yale ya kale.